Mshale Uliotoka Kwenye Shuka

Kabla sijazaliwa, Tata alikoswa na mshale wa sinema. Tata ni baba, kwa Kigusii chetu, na habari hiyo ya mshale niliinyonya pamoja na maziwa. Nadhani niliijua kabla sijajua jina langu.

Enzi za ukoloni, akiwa kijana, Tata alifanya kazi ya jikoni katika klabu ya Wazungu wa mashamba ya chai kule Kericho. Jioni moja ikaletwa mashine, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na kila Mzungu akagawiwa miwani ya karatasi. Filamu ilikuwa ya vita vya zamani huko Amerika: Wazungu wa makoti mekundu wakipigana na Wazungu wenzao, wakigombea msitu ambao, kwa maelezo ya Tata, haukuwa wa mama ya mtu yeyote kati yao. Wenye msitu walikuwa vichakani na pinde zao. Bibi mmoja wa Kizungu akamhurumia Tata, aliyesimama nyuma na sinia ya chai, akamvika miwani yake. Hapo hapo mshale ukatoka kwenye shuka, ukavuka chumba, ukaja moja kwa moja kwenye pua yake. Tata akainama. Sinia ikaenda zake.

Vikombe vilivyovunjika, akisimulia harusini, huwa thelathini. Matangani hupungua kidogo, kwa heshima ya marehemu. Kipaji hicho nimekirithi, kwa hiyo msomaji apunguze mwenyewe anapoona inafaa.

Mtu mmoja tu hakuamini, na bahati mbaya ndiye aliyekuwa na maana. Huyo ni mzee wa ng'ambo ya kijito, aliyetahiriwa pamoja na Tata. Kwetu mtu wa namna hiyo ana ruhusa ya kukusema mbele ya wajukuu wako kisha akala kwako. Siku hizi majani ya chai huchumwa na wajukuu, lakini wazee hao wawili bado huja kituo cha kupimia majani, hapa upande wa Magwagwa, kungoja lori kana kwamba bila wao haliwezi kupanda mlima. Na kila lori lilipochelewa, mzee yule aliuliza swali lile lile.

"Wee, mshale ulikupata wapi? Tuonyeshe kovu."

"Niliinama."

"Eti aliinama," mzee aliwaambia wenye vikapu. "Huyu hata mlangoni kwake hainami. Ndiyo maana ana nundu kwenye paji."

Foleni ilicheka, na Tata alicheka nayo. Lakini mwaka jana nikaona hacheki tena. Mjukuu alimwomba hadithi ya mshale, akajibiwa kwamba imesahaulika. Sasa, Tata hasahau kitu. Mbuzi wa mahari ya shangazi yangu anawakumbuka mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia. Nikajua Tata amechoka kuitwa mwongo, na anakusudia kuuchukua mshale wake mpaka kaburini bila kupata hata shahidi mmoja.

Tena hakuwa na muda mwingi wa kuona. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na ukungu. Daktari wa macho mjini Kisii alitaka kuuondoa, Tata akamwambia kwamba kwa mambo yaliyobaki kuonwa, jicho moja linatosha.

Binti yangu, anayefanya kazi Nairobi, ndiye aliyeipata filamu kwenye intaneti. Ile ile au ndugu yake, siwezi kuapa, ila makoti mekundu yalikuwemo na msitu ulikuwemo. Akatuma na miwani ya karatasi, kioo kimoja chekundu, cha pili cha buluu. Niliijaribu kwa dakika chache nikamwona ng'ombe wangu akitoka zizini kabla hajatoka.

Shida zikawa mbili. Kwanza, Tata hataki stima nyumbani kwake. Radi za milima hii hupiga kila alasiri kama zimeajiriwa, na yeye anaamini waya ni barabara tunayozilimia. Kwa hiyo televisheni ingebaki kwangu. Na hapo ndipo penye shida ya pili, maana baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hizo ndizo chinsoni, adabu zetu za kuoneana haya, na Tata, mzee wa kanisa la Kisabato, angesamehe dhambi nyingi kabla ya kufika kwenye hiyo. Tangu nioe hajavuka kizingiti changu. Mvua ikimkuta, hujibanza chini ya ukingo wa paa na kunisalimia kupitia dirishani. Chinsoni hizo hizo zinakataza baba na mwana, au baba na mke wa mwana, kutazama mapenzi pamoja. Na binti alishatuonya kwamba katikati ya vita nahodha anambusu msichana.

Mimi nilisoma gumbaru, darasa la usiku, nikiwa na ndevu na watoto watatu, na nasema elimu ile yote iliiva siku hiyo. Niliing'oa televisheni ukutani nikaiweka mlangoni, mgongo ndani, uso uani. Nje nikajenga chumba cha giza kwa turubai na majani ya migomba, mpaka nusu ya shamba ikabaki uchi. Viti viwili nikaviweka nje ya kizingiti. Mimi na mke wangu tukakaa ndani, nyuma ya televisheni, mahali ambapo hatungeona busu wala vita. Tungeona nyuso mbili tu.

Rafiki wa Tata aliitwa kwa uji wa wimbi, na hakuambiwa zaidi. Alipopewa miwani aliivaa kama mtu anayevishwa pingu. Ngoma zikalia, bunduki zikaanza.

"Hawa wanapigania nini?" akauliza.

"Msitu," Tata akajibu.

"Wa nani?"

"Wa watu wengine."

"Basi nawafahamu."

Muziki ulipolainika, mke wangu akatupa leso juu ya televisheni kama anayefunika ugali. Mzee akataka kujua mbona vita vimevaa leso. Mke wangu akamwambia asubiri kidogo, askari wanavuka mto. Bunduki ziliporudi, leso ikaondoka.

Kisha nikasikia upinde. Mzee yule, ambaye kusimama kwake huhitaji fimbo na maombi, aliruka, akainama mpaka paji likagusa magoti. Uji ukamwagikia viatu. Fimbo ikapita juu ya televisheni ikaangukia chini ya meza yangu.

Na Tata? Alikaa wima kama nguzo ya ua. Hakupepesa hata kope.

Ndipo nilipokumbuka alichosema binti kwenye simu, kwamba kila kioo kina picha yake, na ni macho mawili yanayoziunganisha. Tulikuwa tumejenga sinema nzima tukasahau jicho.

Lakini Tata alikuwa ameshageuza shingo. Alivua miwani polepole, akamtazama mwenzake.

"Umeinama," akasema.

"Nimeangusha fimbo."

"Fimbo iko ndani kwa mwanangu. Uliitafuta magotini?"

Mzee alikaa sawasawa, akajifuta uji, akatuamuru turudishe nyuma. Tukarudisha. Akainama tena. Mara hiyo Tata alikuwa amegeuza kiti chake kabisa, kisogo kwenye televisheni, akiutazama uso wa rafiki yake. Sijawahi kuona mtu akifurahia filamu namna ile.

Jioni nikamfuata kwake, nikamwomba radhi kwa habari ya jicho. Akanitazama kama mwalimu wa gumbaru anavyotazama jibu langu la hesabu.

"Ule mshale mimi nilishauona," akasema. "Nilikuwa bado sijauona ukimwendea yeye."

Siku ya majani iliyofuata nilifika kituoni nikakuta foleni imevunjika, watu wamemzunguka rafiki wa Tata. Mishale ilikuwa imefika mitatu, na shoka moja. Mama mmoja mwenye kikapu akamwomba aonyeshe kovu.

"Niliinama," mzee akasema, bila hata kucheka.

Tata alikuwa amekaa pembeni juu ya gunia, nundu yake ikimeremeta juani.

"Ulikuwa mmoja," akasema. "Nilikuwepo."