Maji ya Kwanza ya Mtoto

Dada yangu alisema wazi: mwanawe hataonja maji ya chemchemi mpaka yapimwe. Mtoto alikuwa na miezi saba, ameanza uji juzi tu, na mwezi uliopita kuhara kulimlaza hospitalini siku nne, akarudi mwepesi kama nguo iliyokauka.

Susu, bibi yetu, hakutishika. Kwake, mtoto akianza kula, maji yake ya kwanza hutoka kwenye chemchemi ya ithembo, pale kilimani watu wanapoombea mvua. Jumapili yeye ni mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Siku nyingine ni mlinzi wa chemchemi. "Kwani hayo maji nani aliyaweka?" huuliza.

Basi nikamwita afisa wa afya, msichana niliyesoma naye. Alikuja na chupa mbili zenye dawa ndani. Susu akamvua viatu kabla hatujafika.

"Hapa hapaingii viatu, chuma wala sabuni. Maji huchotwa kwa kibuyu."

"Susu, hii chupa ni kioo."

"Kioo nakijua. Nina dirisha. Haya, chota."

Chupa ya kwanza ilijazwa pale maji yanapochungulia mwambani. Ya pili Susu alitaka ijazwe kutoka kibuyuni mwake, kwani mtoto, alisema, hatapelekwa kulamba mwamba.

"Ikigeuka nyeusi, kuna uchafu wa choo," afisa alitueleza.

Tuliziweka rafuni karibu na jiko, penye joto. Siku mbili nilizichungulia kama mtu aliyeatamisha mayai. Chupa ya mwambani ikabaki angavu. Ya kibuyuni ikawa nyeusi kama masizi.

"Nani ametia mkono?" Susu akafoka.

"Susu, hicho kibuyu kilioshwa lini?" dada akauliza.

"Kilikuja nami nilipoolewa!"

"Sijauliza kilikuja lini."

Nilicheka mpaka nikarushiwa mwiko.

Nikampigia afisa. Akatuonya tusishangilie ile chupa angavu: maji safi leo yanaweza kuchafuka mvua ikishusha kinyesi cha mbuzi. Kibuyu kioshwe, na maji yote yachemshwe.

"Kwenye sufuria?" Susu akauliza. "Chuma?"

Akaketi kupeta ndengu. Dada akambeba mtoto, akaanza kufunga virago vyake. Nikaona ziara yake kwa Susu imeisha vibaya.

Ndipo Susu akainuka, akakung'uta maganda kwenye leso.

"Chuma ni mwiko kule kilimani tu," akasema. "Jikoni humu natawala mimi. Leteni sabuni."

Alikisugua kibuyu mwenyewe, akakisuuza mara tatu, akanituma kilimani. Maji yakachemka mpaka kifuniko kikacheza. Yalipopoa, dada aliyaonja kwanza, akachota kijiko, akasita, kisha akampa mwanawe.

Mtoto akayazungusha mdomoni, akafikiri, akafungua kinywa tena.

"Susu," dada akasema, "leta mengine."