Waya kwenye Supape

Nilikuwa mtu wa chodiere katika kiwanda cha sabuni, hapa Uvira. Chodiere ni pipa kubwa la chuma linalochemsha maji, na mvuke wake ndio uliopika mawese yetu mpaka yakawa sabuni. Tulipoarifiwa kwamba wakaguzi wa usalama wanakuja, mkurugenzi alitugawia karatasi ya majibu tukariri. Kazi ya kututayarisha akampa mhandisi wetu mpya, mama mmoja wa Kamanyola, mtu wa sauti ya chini.

Asubuhi ya kwanza mama yule aliikunja karatasi akaitia mfukoni. "Minye sitaki munisomee," alisema. "Kila mutu anionyeshe na mikono yake vile anafanyaka kila siku."

Tukazunguka naye kiwanda chote. Akina mama wanaomimina soda kali aliwauliza kwa nini glavu zinaning'inia ukutani.

"Zinateleza," wakamjibu.

Hakugombeza mtu. Alizivaa mwenyewe, akainua ndoo, ikamponyoka kidogo. "Kweli. Tutatafuta zingine."

Kama nisingeona hilo, pengine ningenyamaza. Zamu yangu ilipofika, nilimpeleka kwenye supape, kifaa kinachojifungua chenyewe mvuke ukizidi, ili pipa lisipasuke. Ilikuwa ikivuja na sabuni inachelewa kuiva, basi nilikuwa nimeikaza kwa waya isifunguke.

"Mama, hii waya, ni minye niliifunga."

Aliitazama, kisha akawageukia akina mama wa soda. "Na watu wote hawa iko humu ndani," alisema polepole. "Zima moto."

Nikazima. Aliketi juu ya gunia mpaka kipimo cha mvuke kiliposhuka, kisha akanishikia ngazi nikautoa ule waya.

Mkurugenzi alitaka tuwashe tu hadi wakaguzi wapite. Mama alikataa mbele yetu, bila kupandisha sauti. Siku ya ukaguzi ilipofika chodiere ilikuwa baridi, na yeye ndiye aliyewatangulia wageni. "Supape tuliifunga," aliwaambia. "Tumesimamisha kazi mpaka mupya ifike." Walimuuliza nani hasa. "Sisi," akajibu, na jina langu halikutoka kinywani mwake.

Walituandikia makosa mengi, tukakaa majuma mawili bila kupika. Supape mpya ilipofika, aliniachia niipachike, akasimama pembeni mpaka ilipojifungua yenyewe mara ya kwanza.

Mkurugenzi aliacha kunisalimia kwa muda mrefu. Mama yule, kila asubuhi, alipitia kwangu kabla ya ofisi kuniuliza chodiere imeamkaje.