Tambi Alizoziomba Shangazi

Wapo watu wanaosema mtoto wa miaka tisa hana dhambi. Mimi huwaambia waache upuuzi. Nilikuwa na miaka tisa, nilijua ninachokisema, na nilikisema.

Mama yangu alitoka upande wa Singapuri. Baba, Mwarabu wa Kihadhrami mwenye duka la nguo karibu na soko la Kariakoo, alikwenda huko akiwa kijana kufanya kazi kwa mjomba wake, akarudi na mke. Mpaka nazaliwa mama alikuwa hajui Kiswahili cha kununulia chumvi, na nilipopata akili mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Sokoni aliniambia kwa Kimalai, nami nikamwambia muuza samaki kwa Kiswahili. Muuza samaki akijibu kwa matusi, mama nilimpelekea salamu. Kazi ile niliipenda mno, nikajiona mtu mzima.

Chakula cha kwao tulikiita tambi. Baba ndiye aliyekipa jina hilo, kwa kukosa jingine. Mama aliroweka mchele, akausaga kwa jiwe mpaka ukawa uji mweupe, akaumimina mwembamba kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuupika kwa mvuke. Ukiganda aliubandua, akaukunja, akaukata vipande virefu kama utepe. Hapo ndipo karai lilipopanda jikoni, na moto uwe mkali, si wa mchezo. Kitunguu saumu kwanza, kisha pilipili nyekundu zilizotwangwa pamoja na uduvi aliouvundika juani mwenyewe, kisha kamba, yai, na chooko zilizochipua. Kwao walitia mchuzi mweusi wa maharage, lakini huku ungeupata wapi? Alitia ukwaju na sukari guru. Pilipili zikigusa mafuta, jirani wa nyumba ya tatu anapiga chafya. Mimi nilikula huku kamasi zinanitoka, nikaomba tena.

Mwaka ule, mwezi wa Shaabani, akaja shangazi yangu kutoka Unguja, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na hakuficha kilichomleta: alitaka anichukue akanilee. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Shangazi akiomba mtoto wa kaka yake, kumnyima ni kumvunjia heshima. Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kila akiulizwa alijibu, tutaona.

Neno hilo mama alilielewa bila mimi kumtafsiria. Akaanza kumpikia wifi yake mapishi yote aliyofundishwa na majirani, muhogo wa nazi, mbaazi, mikate ya kumimina, na mapishi ya kwao akayaacha kabisa. Hata kopo la uduvi alilihamishia kwenye banda la kuku, maana wifi yake alikwisha kuuliza ni kitu gani kimefia humu ndani. Maskini mama yangu! Alikuwa akinipigania kwa mwiko.

Ramadhani ikaingia, na katikati ya mwezi tumbo la shangazi likaharibika. Adhuhuri moja akaniita chumbani kwake.

"Mwambie mama yako leo anipikie tambi," akasema. "Nataka kitu laini. Tumbo langu halitaki pilipili wala ndimu."

Sasa, pwani yote hii tambi zinajulikana. Ni zile za ngano, nyembamba kama nyuzi, zinazopikwa kwa tui, sukari na iliki. Kwa jirani nilishazila mara nyingi. Nilijua, nasema tena, nilijua. Lakini zaidi ya mwezi mzima nilikuwa sijaonja chakula chetu, nimefunga, na mate yalinijaa kinywani kwa kulisikia jina tu. Tamaa mbele, mauti nyuma. Nikaenda uani kwa mama, ambaye alikuwa ameroweka mchele wa vitumbua, nikamwambia shangazi anataka tambi.

Aliniuliza kwa lugha yetu, "Hizi zetu? Una hakika?"

"Hizi zetu," nikamjibu. "Amesema utie pilipili nyingi."

Mama akacheka. Ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alicheka. Alidhani wifi yake amemkubali. Akafunga kanga kiunoni, akanituma banda la kuku nikalete kopo, akasaga mchele ule huku akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulifanya tangu mgeni aje. Jioni harufu ilipofika chumbani, shangazi akauliza nani anakaanga. Nikasema ni jirani.

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende na maji, baba akarudi kutoka msikitini, tukakaa mkekani. Mama aliondoa kawa kwa mkono wake mwenyewe, akamsogezea wifi yake bakuli. Kandili ilikuwa nyuma ya shangazi na njaa ya kutwa nzima ilikuwa mbele yake, akatia tonge kubwa bila kuangalia.

Lo! Alipaliwa mpaka macho yakamtoka. Alikimbilia uani akishika tumbo, tukamsikia anatapika, na mama akamfuata na maji. Aliporudi hakumgombeza mtu. Alizungumza na baba, polepole.

"Nimeomba chakula cha mgonjwa," akasema. "Umeona nilichopewa."

Baba akamgeukia mama. Akamwuliza kwa Kiswahili, makusudi, ili dada yake asikie, ni nani aliyemwambia atie pilipili.

Mama akanitazama. Alinitazama muda mrefu, na mimi nilikuwa naangalia ukili wa mkeka. Maneno mawili tu yangetosha: ni mimi. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na mdomo kunishinda, na siku hiyo nikaufumba. Niliogopa fimbo, na niliona aibu.

"Mimi kosa," mama akasema. "Neno tambi, mimi sikujua."

Shangazi akasema miaka kumi mtu yuko mjini na jina la chakula halijui, basi mtoto huyu atafundishwa nini hapa. Baba akainamisha kichwa. Kisha akalisema lile alilokuwa akilikwepa.

"Baada ya Idi atakwenda nawe."

Siku ya tatu baada ya Idi mama alinisuka nywele, akanivalisha, akanikabidhi. Shangazi, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alinisomesha Kurani, akanifundisha kushona kofia, wala hakunipiga hata siku moja. Wema wake ndio ulionitesa, kwa sababu kila aliponihurumia kwa kuwa na mama asiyejua mambo, nilimwacha aamini hivyo.

Alipofariki nilirudishwa Dar es Salaam, nikiwa na miaka kumi na minne. Kimalai kilikuwa kimenitoka chote. Mama alinipokea mlangoni, akaniuliza habari za safari kwa Kiswahili safi kisicho na kosa hata moja. Alikuwa amejifunza kwa mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, tangu wiki ile niliyoondoka. Nikatafuta neno moja la kwao nimwambie, sikulipata. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukasimama pale kama watu waliokutanishwa na shughuli.

Jioni, akipanga nguo zangu sandukuni, nikamwambia. Nilimwambia nilijua vizuri alichotaka shangazi, na kwamba habari ya pilipili niliitunga mwenyewe. Kabla sijamaliza nilikuwa nalia.

"Najua," akasema. "Nilijua palepale nilipokutazama."

Nikamwuliza kwa nini basi alibeba kosa langu, akaacha nichukuliwe.

Alikunja kanga moja, akaiweka juu ya nyingine.

"Niliona utachukuliwa tu, niseme nisiseme," akanijibu. "Ningesema ni wewe, ungeogopa kurudi kwangu."