Shuka Kati ya Viti

Mwezi wa Mei, mwaka wa 1955, nilimpoteza mama yangu. Alikuwa na kichomi, na mimi na mume wangu tulikwenda kumchukua kwa gari tumfikishe hospitali ya Nakuru. Matangani baadhi ya jamaa walinong'ona kwamba mume wangu ndiye aliyemwua, kwa kumshika. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona.

Mama alikuwa akikaa na kaka yangu, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu kando ya ziwa Naivasha. Sisi tulikaa Nakuru, mume wangu akiwa fundi wa gereji. Habari ilipotufikia kwamba mama hawezi tena kuinuka, mwenye gereji alimwachia gari kuukuu lililokuwa likingoja mnunuzi, mradi lirudi kabla ya giza. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kusafiri sisi wawili tu, yeye akiendesha. Tulipita ziwa Elementaita, maji yametulia na ndege wamejaa ukingoni. Siku nyingine ningefurahi. Tulipofika Gilgil mume wangu aliuliza, "Mama watoto, mama ataketi wapi?"

Nilikuwa nikiliwaza jambo hilo tangu asubuhi. Kwetu magharibi mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawagusani. Mwanamume akimwona mama mkwe anakuja njiani, huingia kichakani ampishe. Tangu niolewe, mama alikuwa ameuona mgongo wa mume wangu tu. Sasa walikuwa wapande gari moja, tena dogo.

"Nyuma, pamoja na mimi," nikasema. "Nitatundika shuka."

"Na hiki kioo?"

Sikuwa nimekifikiria. Alinyoosha mkono akakigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma, kikaelekea paani.

Shambani, kaka na mkewe walimbeba mama mpaka garini, mume wangu akiwa amesimama nyuma ya zizi. Nilifunga ncha za shuka juu ya milango ya mbele, nikaketi na kichwa cha mama mapajani. Ndipo nikaita, "Baba watoto, njoo."

Njia ya kutoka shambani ilifuata ukingo wa ziwa, na mvua ilikuwa imeilainisha. Gari liliteleza huku na huku. Pumzi za mama zilikuwa fupi, lakini maneno bado alikuwa nayo.

"Mwambie mkwe wangu mimi si maziwa, asinisukesuke."

"Baba watoto, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie ni barabara."

"Mama, anasema ni barabara."

"Nimesikia pia. Ninaumwa kifua, siumwi masikio."

Mume wangu alicheka puani, akajizuia mara moja, maana kumcheka mama mkwe nako ni vibaya. Mama alinibana mkono. Nilijua amefurahi.

Tulipofika barabara ya lami aliacha kusema. Nilimwita, akaitika kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwambia mume wangu aongeze mwendo, akaongeza bila kuuliza.

Miaka hiyo ya hali ya hatari kulikuwa na vizuizi vya askari njia nzima. Asubuhi tulikuwa tumepita bila shida. Sasa, mbele ya Gilgil, tulikuta gogo limelazwa barabarani, koplo na askari wawili wamesimama kwenye manyunyu. Vipande vyetu, vile vitambulisho vya serikali, havikuwa na kasoro. Kisha koplo akaliona shuka.

"Nani iko nyuma ya hii?"

"Mama yangu," nikajibu. "Mgonjwa. Tunampeleka hospitali."

"Na kwa nini unaficha yeye?"

"Simfichi, bwana. Huyu dereva ni mkwe wake."

Alilivuta shuka kwa mtutu wa bunduki, likaanguka. Papo hapo mume wangu akageuza uso kuelekea dirishani. Hilo ndilo lililoharibu zaidi.

"Wewe, angalia hapa. Unaogopa nini?"

"Siogopi. Siwezi kutazama nyuma, bwana."

"Huwezi ama hutaki?"

Askari mmoja akacheka. "Koplo, hii maneno hata kwetu iko. Huyo ni mama ya bibi yake."

"Kwenu hakuna watu wanabeba risasi chini ya mgonjwa?" koplo akasema. "Wote nje. Viti vitolewe."

Nilijaribu kumwinua mama, nikashindwa. Alikuwa mrefu, na mwili wake ulikuwa umelegea. Koplo alimwambia mume wangu ambebe. Mume wangu alishuka, akasimama kando ya mlango, mikono nyuma kama mtu aliyefungwa.

"Baba watoto," nikasema, "atatufia hapa."

Nililisema kwa sauti, na mama alilisikia. Alivuta leso akajifunika uso. Chini ya leso akaniambia, "Mwambie afumbe macho."

Alifumba. Aliingiza mikono akipapasa, akamtoa. Nilimshika mkono wa shati nikamwongoza. "Rudi nyuma. Inua mguu, kuna mtaro. Sasa simama." Alisimama pale na mama kifuani, macho yamefumbwa kabisa, mvua ikimwingia shingoni, muda wote ambao askari walikuwa wakitoa viti na kugonga bodi ya gari kwa ngumi. Aliyecheka mwanzoni hakucheka tena. Hawakupata kitu.

Tulipomrudisha mama ndani, koplo alinipa shuka, limekanyagwa. Nilianza kulifunga upya.

"Acha," mama akasema. "Twende."

Tuliendesha mpaka Nakuru bila shuka. Mume wangu hakugeuka hata mara moja. Mlangoni pa wodi niliomba machela, muuguzi akasema yote yako kazini, tungoje. Mama hakungoja. Aliinua mikono yake miwili kuelekea mlango wa gari, kama mtoto anayetaka kubebwa. Mume wangu alimtoa na kumpandisha ngazi, safari hii macho wazi, kwa sababu ngazi zilikuwa na maji. Daktari alisema tumemfikisha akiwa amechoka sana, lakini angejaribu.

Alijaribu. Mama alifariki siku ya tatu, asubuhi, kabla hatujaruhusiwa kuingia kuwaona wagonjwa.

Nilitoka hospitali nikaenda gereji kwa miguu. Mume wangu alikuwa chini ya lori. Niliinama nikamwambia. Akauliza, "Nani alikuwa naye?"

"Hakuna mtu."

Alimaliza kukaza nati aliyokuwa ameishika, akatoka, akajifuta mikono kwa tambara. Tulikwenda posta kumpelekea kaka simu ya maandishi.