Gari la Benedikto Lisiloshika Njia

Benedikto wa Chilangala ni mtu mgumu kumpenda. Shikamoo yake hutoka nusu, nusu nyingine huimeza, na ukiitikia marahaba tayari kakugeuzia mgongo. Mimi nimempenda hivyo hivyo, maana miguu yangu imechoka na Landrova yake hupita kule ninakokwenda, iwe Mnyambe, iwe Newala mjini, iwe kuteremka Masasi. Hunipakia nyuma kwenye mapipa ya maji, hanidai kitu na hanisemeshi kitu. Basi nimemwona sana, na yaliyompata kwa ajili ya gari lile niliyaona nikiwa nimekaa humo humo.

Hakuzaliwa na ukali huo. Baba yake alivuka Ruvuma kutafuta maisha akapotelea huko, mtoto akalelewa na mjomba wake, marehemu mzee Edmund, aliyekuwa dereva wa kanisa kabla hajanunua Landrova yake mwenyewe, nayo ilikuwa kuukuu tangu siku ile anainunua. Mjomba alimfundisha kuendesha kwenye njia za mashamba ya mikorosho, na binti yake Josephina alikaa katikati yao, ndiye mwenye kuruhusiwa kusukuma gia. Wale wawili ni binamu, na kwetu binamu ni mtani wako. Josephina alimwita mume wangu, naye akamwita mke wangu mbaya, watu wakacheka.

Mzee Edmund akafa. Kule juu mlimani kwetu, desturi ya tangu zamani ni kwamba mali ya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake, si kwa watoto aliowazaa. Ukoo ukakaa, ufunguo wa gari akapewa Benedikto. Josephina, ambaye sasa ni Mama Grace, hakulia mbele za watu. Alisema tu kwamba baba yake kazikwa mara mbili.

Toka hapo utani ukabaki, kicheko kikaondoka. Akimkuta Benedikto njiani alikuwa akimuuliza kama mali ya wenzake inamshibisha. Hakuna aliyemkemea. Binamu anamtania binamu yake, utamwambia nini?

Sasa, kule kwetu kiangazi kikikaza mabomba hukauka, na wenye magari huteremka bondeni kujaza mapipa na kuyapandisha. Kazi hiyo ndiyo inayoilisha nyumba ya Benedikto. Na katika kazi hiyo ndipo gari lilipoanza kupotea njia. Ukikaa nyuma ulilisikia linavyokwenda huku, likirudi kule, kama mbuzi anayevutwa kamba. Benedikto anakata usukani kushoto, gari linafikiri kwanza, halafu linakwenda kupita kiasi; anarudisha kulia, vilevile. Waliolitazama kwa mbali wakasema dereva kalewa uraka.

Uraka ni pombe ya mabibo, na Benedikto aliwahi kuinywa kweli, kama vijana wote msimu wa korosho. Aliacha alipooa. Lakini nani alikuwa na haja ya kulikumbuka hilo?

Akalipeleka kwa fundi Cyril, Mkomaindo, kule Masasi, na siku hiyo nilikuwemo. Cyril akalala chini akaagiza usukani utikiswe, akitazama viungo vya vyuma vinavyoshika magurudumu kama vinacheza. Akapiga jeki mbele, akalishika gurudumu juu na chini akalisukasuka, kisha ubavu kwa ubavu. Akabadilisha tairodi, chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele, hata hivyo, akakaza na boksi la usukani. Halafu akaliendesha mwenyewe mpaka barabara kuu na kurudi. Aliporudi alimrushia Benedikto ufunguo.

"Gari halina kitu," alisema. "Mwenye kitu ni wewe."

Benedikto alimjibu kwamba fundi wa kweli haombi dereva awe mbovu ili kazi yake ionekane nzuri. Wakaachana hivyo. Nyuma kulikuwa na magunia ya makopa, muhogo mkavu, aliyokuwa anayapeleka sokoni, hata hatukuwa tumeyashusha bado. Wala sikulitia maanani.

Neno la Cyril lilipanda mlima kabla yetu. Na siku chache baadaye gari, likiwa linateremka kufuata maji, likatoka barabarani pale Chilangala likauzoa uchanja wa muhogo wa bibi Severina. Hakuumia mtu, lakini bibi alikuwa ameondoka pale muda mfupi tu uliopita. Josephina hakungoja jua lizame. Alikwenda kwa mzee Godwin, mkubwa wa ukoo, akasema mlevi atawaua watu kwa gari la baba yake.

Mzee Godwin akaamua hivi: Jumapili baada ya ibada ukoo utakaa. Ikithibitika Benedikto anaendesha akiwa amelewa, ufunguo utahamia kwa watoto wa marehemu, desturi au si desturi. Josephina akasema kuthibitisha ni kazi yake. Jumamosi atapanda mwenyewe, aende na kurudi.

Alfajiri ya Jumamosi alikuja na ndoo yake. Kwanza alimsogelea Benedikto akamnusa mdomo, mbele yetu sote, kama mtu anayenunua samaki. Benedikto akasimama tu, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha Josephina akaenda nyuma kuweka ndoo, akainyanyua mpaka usawa wa kifua kuifikisha kwenye ubao wa nyuma, akanung'unika kwamba gari hili limekuwa na majivuno kama mwenyewe. Mimi nikaipokea.

Tulivyoteremka sitasahau. Mapipa matupu yaligongana, mimi nikagongana nayo. Gari likaenda huku, likaja kule. Kupitia kidirisha cha nyuma nilimsikia Josephina.

"Unaendesha au unacheza ngoma?"

"Kaa kimya, Mama Grace."

"Baba alipita hapa na mkono mmoja, mwingine kashika muhogo."

Jasho lilikuwa limemlowesha Benedikto mgongo wote, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Bondeni tulijaza mapipa. Tukaanza kupanda, na hapo Josephina akaacha kutania, akawa anautazama usukani. Gari lilikuwa limenyooka. Benedikto aliushika usukani kwa vidole, na lilimtii kila kona. Tulipofika juu, kwenye tambarare, Josephina alisema gari lisimame.

Akashuka akaja nyuma. Akanyoosha mkono kuitoa ndoo yake, akaufikia ubao bila kunyanyua bega, maana sasa ulikuwa usawa wa kitovu. Akasimama pale akiutazama. Akaupima kwa tumbo lake, akaupima kwa kifua. Halafu akapiga magoti mchangani, na kitenge chake kipya, akachungulia chini ya gari.

"Dereva," aliita. "Njoo hapa."

Benedikto akaja.

"Pleti hizi za springi zisizo na kutu, nani kaziweka?"

Benedikto akasema ni yeye, mwanzoni mwa kiangazi hiki, kwa mchomeleaji wa Newala. Mjomba alipakia mapipa machache. Yeye alitaka libebe zaidi na lisikalie magurudumu. Na kweli, kule kwetu gari la maji hutazamwa likiwa limejaa. Likisimama sawa na mzigo wake, tunasema limetengenezwa. Likiwa tupu linakwenda kufuata maji, nani analitazama?

"Kwa hiyo likiwa tupu umeliinua matako, pua inachimba chini," alisema Josephina. "Ndiyo maana asubuhi limetaka kutuua na sasa limetulia. Baba hakuliweka hivi."

"Mjomba alikuwa na midomo michache ya kulisha."

"Mmoja ulikuwa wako."

Hapo Benedikto aliinamisha kichwa. Aliuliza, taratibu, kesho atasema nini.

"Nilichokiona. Na usiniombe."

Njia yote iliyobaki Benedikto aliendesha kama mtu anayepeleka maiti. Nami nilimwelewa. Mwanamke yule alikuwa ameukamata ufunguo tayari, alibakiwa na kazi ya kuzinyamazia zile pleti tu.

Jumapili ukoo ulikaa kwenye baraza la mzee Godwin. Ufunguo uliwekwa juu ya mkeka. Bibi Severina alieleza habari za uchanja wake, akaongeza na ya Cyril aliyoyasikia, watu wakaguna. Mzee Godwin akamgeukia Josephina.

"Mama Grace, ulimkuta amelewa?"

"Hakulewa. Angekuwa amelewa ningewaambia kwa furaha, na wote mnajua. Ndani ya gari lile hamna mlevi. Mna mpumbavu."

Akaeleza habari za pleti, za ndoo, za kwenda na kurudi. Mjomba mmoja akamuuliza kwa nini asema hayo ilhali ufunguo uko mbele yake.

"Ufunguo nautaka," alisema. "Siutaki kwa maneno ya uraka. Baba aliwafukuza vibarua wake wa mapipa kwa haki, na mimi nitamfukuza huyu kwa haki. Siku yake itafika."

Mzee Godwin akausukuma ufunguo kwa Benedikto kwa ncha ya fimbo. Sharti likawa moja, zile pleti zitoke. Benedikto akaushika. Hakushukuru, wala hakushukuriwa.

Safari hii alishuka Mkomaindo na gari tupu, akitangatanga njia nzima. Cyril alipoliona linaingia alielewa kabla halijasimama, akakasirika zaidi ya mara ya kwanza. Akamwonyesha baiskeli iliyoegeshwa ukutani, jinsi foku ya mbele, ile panda inayoshika gurudumu, inavyolala. Kwa kulala kule, alisema, ndiyo gurudumu linajirudi lenyewe. Isimamishe wima, uone kama utaachia mikono. Gari nalo ni hivyo hivyo, na ukiinua nyuma umeisimamisha mbele.

"Mbona hukuniambia umeongeza pleti?"

"Hukuniuliza."

"Na ukaniletea gari limejaa makopa."

"Ningeshuka tupu Masasi nikafanye nini?"

Walipandishiana sauti hivyo mpaka pleti ya mwisho ilipotoka.

Mapipa sasa ni machache na safari zimeongezeka. Benedikto hulala kidogo, na shikamoo yake imezidi kupungua. Josephina hanunui maji yake. Husimama kizingitini na ndoo tupu, gari lipite, angoje mwenye baiskeli anayeuza maji.

Juzi tulipita pale mapipa yakiwa matupu, tunateremka. Benedikto alipunguza mwendo, akauachia usukani, mikono yote miwili juu, na Landrova ikapita mbele ya nyumba ile imenyooka kama uzi.

"Shika usukani, mlevi wee," alisema Josephina.

Nilimtazama nikitafuta kicheko. Aliitua ndoo chini, akaendelea kutazama barabara aje mwenye baiskeli.