Kipa Wetu Kadaka Buti

Jamani wanaklabu wa Kilwa, leo kipa wetu kadaka buti!

Dakika za mwisho, Songo Songo wakapata penalti. Mpigaji Athumani, yule aliyerudi kutoka vita ya Mjapani huko Bama, kavaa mabuti ya jeshi. Sisi wote pekupeku.

Akanitambia: "Mjomba, haya yamemkanyaga Mjapani!"

Nikamjibu uwanja mzima usikie: "Wewe huko ulikuwa mpishi tu! Ningekwenda mimi, vita ingekwisha wiki ile ile."

Akapiga. Buti likachomoka, likaruka kama kunguru.

Kipa wetu, bwege yule, akalirukia na kulikumbatia kifuani.

Mpira ukajiingilia upande wa pili, polepole, kama bwana harusi.

Nani alimfundisha kudaka viatu? Ajibu hapa hapa kwenye ubao wa klabu.

Songo Songo wameondoka wakiimba maneno yangu mwenyewe: Kilwa kafungwa na mpishi!