Uzi Mweusi kwenye Spika

Longinus alikuwa fundi cherehani, na kama mafundi wengi wa Kibondo wa miaka ile, hakuwa na duka. Alikuwa na cherehani ya miguu, kigoda, na ruhusa ya kukaa barazani kwa Mzee Omary, muuza vitambaa. Mteja alinunua kitambaa ndani, akapimiwa suruali nje. Badala ya kodi, Longinus alimshonea mwenye baraza kanzu za sikukuu na kusikiliza sifa za kwao Bagamoyo bila kupiga miayo, na hilo la pili ndilo lililokuwa kazi.

Mwisho wa wiki aligeuka mtu mwingine. Alipiga gita la solo katika bendi ya Nyota ya Kibondo, iliyokuwa na gita moja la umeme, moja kavu, ngoma, na amplifaya iliyokunywa betri ya lori kama ndama anavyonyonya. Kiongozi wake, Pasikali, mzaliwa wa Murungu kama Longinus mwenyewe, alikuwa na sheria moja tu kuhusu gita. "Gita lilie," alisema. "Lilie mpaka mwenye mama yake mbali amkumbuke." Longinus aliliza gita, na hakuna aliyemlalamikia mpaka siku redio ya Mzee Omary ilipounguruma.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1972. Redio ilikaa kwenye rafu karibu na mlango wa ndani, mlangoni palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia, mara nyingi, alikuwepo Siti. Labda hadithi hii ilitakiwa ianze na Siti, lakini Longinus mwenyewe hakuanza naye, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Siti alikuwa binti wa Mzee Omary. Ndiye aliyefagia duka, ndiye aliyepangusa rafu, ndiye aliyemletea fundi chai ya saa nne. "Fundi, chai," alisema. "Ahsante," Longinus alijibu, akainamia kazi yake. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa nalo, limemjaa hadi kooni. Lakini yeye alikuwa Mkristo wa Murungu mwenye baraza ya kuazima, na Siti alikuwa binti wa Kiislamu wa ukoo unaojua jina la babu wa babu. Alimpenda, akanyamaza, akashona.

Asubuhi ya siku ile alikuta donge lake la uzi mweusi halipo. Fundi asiye na uzi mweusi hana suruali za walimu, na asiye na suruali za walimu hana kazi. Longinus akawaka. Alimwuliza muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara. Alimwuliza dobi. Alimwuliza Mzee Omary, akarudi akamwuliza tena. "Uzi una miguu?" alifoka. Siti alileta chai, akaiweka, akarudi ndani haraka bila hata kusema "Fundi, chai."

Mchana Mzee Omary akawasha redio, na likatoka gita.

Mguu wa Longinus ukasimama juu ya kanyagio. Gita lile halikulia. Lilikoroma. Lilitoka chini, zito, lina mikwaruzo, kama fahali aliyefungiwa zizini akisikia wenzake wanakwenda malishoni. Kila sauti nene iliposhuka, rafu ilitetemeka, na kitu fulani kifuani mwa fundi kikatetemeka nayo. Alipoinua macho, pazia lilikuwa limesogezwa. Siti alikuwa amesimama pale, kiganja mdomoni, anamtazama yeye.

"Gita limekasirika," Siti alisema kwa sauti ndogo.

"Halijakasirika," Longinus akajibu, akashangaa kujisikia akiongea. "Linatamani."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote waliyowahi kuambiana. Gita likaisha, mtangazaji akaingia, naye sauti ilikuwa imemkauka kama mtu mwenye mafua. "Betri zimekwisha," Mzee Omary alisema, akazima. Baada ya siku chache alikwenda Kigoma kuchukua mzigo, akaibeba na redio. Iliporudi ilikuwa inaimba vizuri, laini, kila neno unalisikia. Mkoromo ule haukusikika tena pale barazani.

Haukupita muda, wakaja wazee kutoka Kasulu na posa. Mposaji alikuwa Abdalah, mfanyabiashara wa chumvi na mafuta ya taa, mtu mtulivu asiye na doa. Longinus ndiye aliyepewa kazi ya kushona foronya za bibi harusi. Alizishona kwa mishono iliyonyooka kuliko mishono yote ya maisha yake, akalia, tuseme wazi, akaangalia tu machozi yasidondokee kitambaa cheupe. Kisha Siti akapanda lori, akaenda Kasulu.

Hapo ndipo Longinus alipoanza kuutafuta ule mkoromo. Watu walidhani ni wazimu wa muziki. Haukuwa wa muziki peke yake. Kulikuwa na kitu kimoja duniani kilichowahi kumfungua mdomo mbele ya Siti, na kitu hicho kilikuwa sauti ile. Bendi za Kibondo hualikwa Kasulu kwenye sherehe za Sabasaba. Ipo siku angesimama kule na gita, alipige vile vile, na popote Siti atakapokuwa katika umati atasikia na kujua. Hakutaka kumvunjia nyumba. Alitaka asikie tu.

Aliuliza watu. Mwalimu Cleophas, aliyeletwa na serikali kutoka Kilimanjaro, alikuja kupimwa kaptula akasimuliwa habari za lile gita. "Hiyo itakuwa hevi metali," alisema. "Muziki wa Uingereza. Maana yake chuma kizito."

"Inapigwaje?"

"Bwana Longinus, mimi ni mwalimu wa jiografia."

Fundi ukimpa jina, yeye anasikia kipimo. Chuma, tena kizito: basi ni chuma kinachotakiwa. Longinus akang'oa nyuzi nene za gita, akafumua waya wa klachi ya lori, akafunga nyuzi mpya zilizomkata vidole. Kile kibao ambacho nyuzi hufungiwa chini akakitoa, akaenda kwa mhunzi, akachongewa kingine kutokana na jembe lililochakaa. Gita likawa zito hadi mkanda wake ukakatika, ikabidi ashone mkanda wa turubai. Mwalimu Cleophas alipoliona alicheka akakaa chini. "Ni jina tu, ndugu yangu! Hakuna mtu Uingereza aliyefunga jembe kwenye gita." Wote wawili wakacheka. Lakini jembe halikuwa hasara. Mkoromo halikuleta, ila sauti ikipigwa sasa ilikaa, ikaning'inia hewani kabla ya kufa.

Kilichobaki kilikuwa mkono. Aliacha kupiga kwa vidole, akajichongea kipande cha pembe ya ng'ombe. Alilegeza nyuzi zikashuka chini kabisa, chini ya pale ambapo Pasikali alisema mtu mwenye heshima zake hashuki. Bado sauti ilitapanyika. Ndipo siku moja, akiwa anakanyaga cherehani, akaisikia: tka-tka-tka, tka-tka-tka, kavu, haraka, haina mkia. Akaliacha vazi la watu kwenye sindano. Akachukua gita, akalaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, pale pale kwenye jembe, uziguse tu, akapiga kwenda chini, kila pigo chini, kama mtu anayelima, mguu wake ukikanyaga hewa. Tka-tka-tka. Akainua kiganja: gita likafunguka lote. Akakirudisha: likaziba. Watoto waliopita njiani walimwita Baba Cherehani tangu siku hiyo, na yeye hakujali.

Ukabaki mkwaruzo. Aliizungusha amplifaya hadi mwisho wa kitufe, betri ikafa kabla dansi halijachanganya, na Pasikali hakumsemesha wiki nzima. Kisha akapata spika kuukuu ya bendi iliyokuwa imetupwa stoo. Akachukua wembe, akaichana katikati ile karatasi yake ya kutolea sauti. Sauti iliyotoka ilikuwa chafu, inaruka ruka kama mafuta yaliyotiwa maji. Longinus akaitazama spika iliyochanika. Kitu kikichanika, fundi cherehani anajua dawa moja tu. Akatunga sindano, akashona.

Alikaza mshono, mkoromo ukafa. Akafumua, akashona upya, ukafufuka kidogo. Kwa majuma alishona na kufumua, akilegeza huku, akikaza kule, kwa uzi mweusi kwa sababu ndio uliokuwa mkononi. Mpaka alasiri moja akalaza kiganja, akapiga chini, na mle ndani ya kile kisanduku yule fahali akaamka. Ni yeye yule, mzito na mwenye mikwaruzo, akililia malisho. Longinus akaliweka gita magotini, asiweze kuendelea. Alimwona Siti kabisa, kiganja mdomoni, pazia likicheza.

"Yemwe, Longinus!" alimaka Pasikali aliposikia. "Umeliua gita."

"Linakoroma."

"Gita linalia. Anayekoroma ni mlevi."

"Kasulu nitapiga wimbo mmoja hivi. Mmoja tu."

"Hupigi."

"Basi sare za bendi mtashonewa na muuza nyanya."

Sabasaba ya mwaka 1976, Nyota ya Kibondo walipanda jukwaani Kasulu wakiwa na sare mpya za bluu. Jua lilikuwa kali, uwanja umejaa, hotuba zimekwisha. Longinus alimwona Siti kabla ya kuunganisha waya. Alisimama upande wa akina mama, mtoto mgongoni, kanga ya njano kichwani, amenenepa kidogo na kupendeza zaidi. Mwanamke wa pembeni alimwita Mama Hilali. Fundi akaunganisha waya.

Akalaza kiganja, akapiga.

Mzee mmoja wa mbele aliziba masikio. Mbuzi wa mtu akakata kamba. Vijana walicheka kwanza, kisha mmoja akaruka, wakaruka wote, vumbi likatimka. Pasikali alitazama mbinguni kama mtu anayesubiri mvua. Longinus hakuona hata kimoja. Aliona mkono mmoja tu, unapanda taratibu, unaziba mdomo, kama siku ile.

Wimbo ulipokwisha Siti alikuja moja kwa moja hadi pembeni mwa jukwaa. Alimwamkia Pasikali. Hakuliangalia gita. Aliinama mbele ya spika, akapitisha kidole juu ya mishono myeusi.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Kaniambia nini?"

"Kwamba niliishona."

Longinus hakuelewa, na uso wake ulionyesha hivyo, maana Siti alianza kucheka huku macho yakimlengalenga.

"Nilikuwa napangusa rafu alfajiri, mpini wa fagio ukaingia kwenye spika ya redio. Baba angenimaliza. Nikachukua uzi wako, nikaishona. Mimi na sindano hatupatani. Mshono ukalegea, ikawa inakoroma."

"Na lile gita?"

"Gita gani, fundi? Lilikuwa dansi tu la Dar es Salaam. Redio ilipotoka Kigoma wakalipiga tena. Ulikuwepo pale pale, unashona, unatikisa kichwa."

Fahali, chuma kizito, Uingereza, vidole vilivyochanwa na waya wa klachi, vyote vikapita mbele ya macho yake. Kumbe kule alikokuwa akikutafuta hakukuwa na kitu. Ulikuwa mkono wa msichana mwenye hofu, na uzi wake yeye mwenyewe. Alitaka kucheka na hakuweza.

"Mbona hukusema?"

Siti alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akakaza mbeleko. Hakuwa anacheka tena.

"Ulimwuliza muuza nyanya. Ukamwuliza dobi. Baba ukamwuliza mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasubiri unifikie." Akampigapiga mtoto mgongoni. "Hukuniuliza. Hukuniuliza lolote, fundi. Mwenzio alikuja, akauliza."

Upande wa pili wa uwanja Abdalah alikuwa amesimama na kipande cha muwa cha mtoto, akimpungia mkewe bila haraka wala hasira. Siti akafunga kanga vizuri. "Kwaheri, fundi," alisema, akaanza kwenda.

"Umemaliza wazimu wako?" Pasikali alinong'ona. "Tuweke ile spika nzima?"

Longinus akageukia uwanjani. "Siti!" aliita. Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe. Siti akageuka. Na fundi, aliyekuwa na swali limemkaa kooni tangu barazani kwa Mzee Omary, akaona kwamba swali lile sasa halina pa kuulizwa. Akauliza lililobaki.

"Ule uzi. Ulibaki?"

"Ulibaki," alisema Siti. "Ninao."

Akaenda kwa mumewe, na Pasikali akaanza kuhesabu wimbo unaofuata.